Mbwa wa Nyalenda na Tumbo Lake: Uuguzi Unaoanzia Jikoni

Mtaa wa Nyalenda, uliogawanywa katika wadi mbili za A na B, umeenea kusini mwa mji wa Kisumu hadi kwenye vinamasi vya mafunjo vya Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Katika ploti zake, yaani nyua ambamo vyumba vya kupangisha hutazamana na familia kadhaa hushiriki bomba moja na choo kimoja, mbwa ni mkazi mwenye kazi yake: hulinda mlango usiku, huwabwekea wageni, huwafukuza panya na vicheche wanaowinda kuku, na ujira wake ni mabaki ya sufuria. Mkazi huyu anapoanza kutapika na kuharisha, mara nyingi husemwa kwamba mbwa wa kienyeji ni mgumu na atapona mwenyewe, au hupewa kidonge cha binadamu kilichobaki kabatini, na kati ya uzembe huo na haraka hiyo wengi hufa kwa ugonjwa ambao ungetibika kwa maji, chumvi, sukari, chungu cha wali na uangalifu wa siku chache. Uuguzi huo si elimu ngeni kwa Nyalenda, kwa kuwa sehemu yake kubwa inajulikana tayari na kila mama aliyewahi kumuuguza mtoto anayeendesha. Kilichobaki ni kuihamishia elimu hiyo kwa mnyama, na kufahamu mahali inapokoma.

Tumbo dhaifu si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali ya mbwa ambaye mfumo wake wa kusaga chakula hukasirishwa upesi na jambo ambalo mbwa wengine hulistahimili, na waganga wa mifugo huitenga katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni uvimbe wa ghafla wa tumbo na utumbo, ambao huja na kutapika, kuharisha au vyote viwili, na ambao kwa mbwa mzima mwenye afya aghalabu huisha ndani ya siku chache. La pili ni maradhi sugu, jina linalotumika pale kuharisha au kutapika kunapoendelea, au kunapokwenda na kurudi, kwa muda wa wiki 3 au zaidi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa muuguzi, kwa sababu fungu la kwanza huhitaji maji na mapumziko, ilhali la pili huhitaji uchunguzi wa chanzo, na mwenye mbwa asiyeyatofautisha huishia kumpa mnyama wake dawa ya siku tatu kwa tatizo la miezi mitatu.

Lawama nyingi hutupiwa ugali, na hapo mbwa na ugali wote wawili huonewa. Mwaka 2013, watafiti wakiongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba jeni inayotengeneza amilesi ya kongosho, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, hupatikana kwa nakala 2 tu katika mbwa mwitu wa Ulaya na Marekani, lakini katika mbwa wa nyumbani nakala hizo huwa 4 hadi 30. Kwa maneno mengine, mbwa aliyeishi na mkulima kwa maelfu ya miaka amejengeka mwilini kula nafaka iliyopikwa, na ugali ulioiva vizuri, uwe wa mahindi au uliochanganywa na mtama na muhogo kama upendwavyo Nyanza, haumdhuru kwa kuwa ni ugali. Kinachomdhuru ni vinavyoandamana nao na namna ulivyotunzwa.

Cha kwanza ni ukungu. Unga au mahindi yaliyoingia unyevu, ambayo mama wa nyumba ameyakataa kwa familia yake, mara nyingi hupikiwa mbwa ili yasipotee bure. Mahindi ya namna hiyo huweza kubeba sumukuvu ya aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 katika mashariki ya Kenya, hususan Makueni na Kitui, na ambayo haiondoki kwa kupikwa kwa sababu hustahimili joto la jikoni. Ini la mbwa huathiriwa vibaya sana na sumu hiyo: mnyama hukataa chakula, hutapika, macho na fizi zake huwa za manjano, na dalili zikifika hapo nafasi ya kumwokoa huwa finyu. Unga usiofaa kwa mtoto haufai kwa mbwa pia, na hili linastahili kukaziwa kuliko jambo jingine lolote katika makala haya kuhusu lishe, kwa kuwa ndilo linalofanywa kwa nia njema kabisa.

Cha pili ni samaki, si nyama yake bali anavyofika kwa mbwa. Kisumu ina chakula kiitwacho mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa cha mbuta vilivyobaki baada ya viwanda kukata minofu kwa ajili ya kuuzwa nje, ambavyo hukaangwa kwa mafuta mengi na kuuzwa kwa bei ambayo familia ya kipato cha chini huimudu. Binadamu akishachokonoa nyama iliyobaki, mbwa hupewa mfupa, na mfupa huo uliokaushwa na mafuta ya moto huvunjika kuwa vipande vyenye ncha vinavyoweza kukwama kooni au kuchubua utumbo. Mafuta yenyewe ni hatari ya pili, kwani mlo mmoja wenye mafuta mengi unaweza kuchochea uvimbe wa kongosho, ugonjwa unaomfanya mbwa atapike mfululizo na kukunja mgongo kwa maumivu. Omena nao, licha ya kuwa chakula bora chenye protini na kalisi, hukaushwa mara nyingi juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na wasipooshwa kwa maji kadhaa huingia tumboni pamoja na mchanga. Tena mchuzi wowote wa Nyalenda huanza na kitunguu, na kitunguu, kiwe kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa hata kumletea upungufu wa damu.

Ardhi pia ina sehemu yake. Nyalenda imejengwa mahali tambarare penye udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji, ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, hivyo kwamba mvua za masika huinua maji ya visima vifupi na ya vyoo vya shimo kwa pamoja. Mbwa anayekunywa kwenye mtaro hunywa vijidudu vya kila nyumba iliyo juu yake. Udongo wenye unyevu na kivuli ndio unaolea viluwiluwi vya safura, minyoo wadogo wenye meno ambao hupenya kwenye ngozi ya nyayo au huingia kwa maziwa ya mama, kisha hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Kinyesi cha mbwa mwenye safura nyingi huwa cheusi na cha kunata, fizi zake hupauka, na mtoto wa mbwa anaweza kufa kwa kuishiwa damu kabla hata mwenye mbwa hajajua kwamba mnyama wake anaumwa tumbo.

Hatua ya kwanza ya uuguzi ni maji, na sayansi yake ina historia inayoihusu kila nchi iliyowahi kupigwa na kipindupindu. Mwaka 1960, mwanabayokemia Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo mwembamba sodiamu na glukosi hupita pamoja, na maji huzifuata, jambo linaloendelea hata utumbo unapokuwa mgonjwa. Mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis aliitumia kanuni hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, akawapa wagonjwa maji ya chumvi na glukosi ya kunywa baada ya maji ya mishipa kumwishia, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Utumbo wa mbwa hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na ndiyo sababu pakiti ya ORS inayotolewa zahanati, au mchanganyiko wa nyumbani wa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, humfaa mbwa aliyepoteza maji kidogo. Chumvi isizidishwe kwa kudhani kwamba itaongeza nguvu, kwa maana chumvi nyingi huyavuta maji kutoka mwilini na kuizidisha hali iliyokusudiwa kutibiwa.

Namna ya kumpa ina uzito sawa na kile anachopewa. Mbwa aliyetapika huwa na kiu kali, na akiachiwa bakuli lililojaa hulimaliza kwa pupa, tumbo likatanuka na yote yakarudi. Muuguzi anayejua kazi humwekea kijiko kimoja au viwili vya chai kila baada ya dakika 15 hivi, na yakikaa kwa saa kadhaa bila kutapikwa huongeza kiasi pole pole. Mbwa wa kilo 10 huhitaji takriban nusu lita hadi mililita 600 kwa siku hata asipougua, na juu ya hizo huongezwa kadiri ya anachopoteza. Anayekataa kunywa anaweza kutiliwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, pembeni mwa shavu na polepole, bila kumwinua kichwa sana, ili maji yasiingie mapafuni. Akiwa amelegea kiasi cha kushindwa kumeza, asitiliwe kitu mdomoni hata kidogo.

Kipimo cha upungufu wa maji hakihitaji chombo. Ngozi ya juu ya mabega hushikwa kwa vidole viwili, ikavutwa na kuachiwa: kwa mbwa mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo, na ikirudi kwa kusita mwili umekwisha kukauka. Fizi hutazamwa pia, kwani zinapaswa kuwa na unyevu na rangi ya waridi, isipokuwa kwa mbwa ambao kwa maumbile fizi zao ni nyeusi, na zikibonyezwa kwa kidole hadi zikawa nyeupe, rangi irudi kabla ya sekunde 2 kwisha. Fizi kavu za kunata, zilizopauka au zilizorudisha rangi kwa kuchelewa, zinasema kwamba kijiko hakitoshi tena na mbwa anahitaji dripu.

Kuhusu chakula, desturi ya zamani ilikuwa kumnyima mbwa chakula kwa siku nzima au zaidi ili tumbo lipumzike. Fikra hiyo imebadilika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Onderstepoort, kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Pretoria, watoto wa mbwa 30 waliougua parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha, waligawanywa katika makundi mawili, moja likanyimwa chakula mpaka kutapika kulipokoma na jingine likalishwa mapema kwa mrija wa puani, na waliolishwa mapema walipata nafuu upesi zaidi na kuongeza uzito. Maelezo yake ni kwamba seli za ukuta wa utumbo hujilisha kwa sehemu kubwa kutokana na chakula kinachopita mbele yake, hivyo utumbo uliofungiwa chakula hudhoofu na kuruhusu bakteria kupenya damuni. Kwa mbwa mzima, saa chache za mapumziko baada ya tapishi la mwisho zinatosha; mtoto wa mbwa hastahimili hata hizo, kwa kuwa sukari ya damu yake hushuka haraka.

Chakula cha mgonjwa kinapaswa kuwa chepesi, kisicho na mafuta, kitunguu, nyanya wala viungo, na Kisumu imejaliwa malighafi yake. Wali wa mchele wa Ahero, unaolimwa katika skimu ya umwagiliaji ya uwanda wa Kano, umbali mfupi kutoka mjini, hupikwa kwa maji mengi kuliko kawaida hadi ukawa laini, kisha sehemu 2 za wali zikachanganywa na sehemu 1 ya nyama ya kuku iliyochemshwa bila ngozi, au minofu ya ngege au mbuta iliyochemshwa na kutolewa kila mfupa. Pale ambapo kuku na samaki ni ghali, na kwa kaya nyingi za Nyalenda ndivyo ilivyo, yai lililochemshwa hushika nafasi yao bila hasara. Malenge yaliyochemshwa na kupondwa, kijiko kimoja au viwili, huongeza nyuzi zinazokifanya kinyesi kishikane. Maziwa mabichi yaepukwe, kwa sababu mbwa mzima mara nyingi hukosa kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa.

Mlo hugawanywa mara 4 au 5 kwa siku, kila mara kiasi kidogo, na hata mbwa akionekana amechangamka siku ya pili na kulilia sufuria, asirudishiwe chakula chake cha kawaida kwa mkupuo. Hapa ndipo wauguzi wengi hushindwa, kwa huruma na si kwa uvivu. Kinyesi kikishashikana kwa siku 2, ugali na omena waliooshwa vizuri na kuchemshwa huingizwa kwa robo ya mlo, kisha nusu, kisha robo tatu, na safari hiyo ichukue wiki 1 hivi. Wali na kuku peke yake, kwa upande mwingine, si chakula cha kudumu: kinakosa kalisi na madini mengine, na mbwa aliyewekwa humo kwa miezi, hasa aliye katika kukua, hudhoofika mifupa huku tumbo lake likiwa shwari.

Vidonge vya kabatini vinahitaji onyo lisilo na kigugumizi. Ibuprofeni na diklofenaki huchoma tumbo la mbwa hadi likatoka vidonda na damu, na huweza kuua figo. Parasetamoli kwa kipimo cha mtu huharibu ini na damu. Metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl na huipata dukani bila shida, hutolewa kana kwamba ni dawa ya kila tumbo, ilhali miongozo ya wataalamu wa Ulaya iliyotoka mwaka 2024 inashauri kwamba mbwa mwenye kuharisha kwa ghafla kusiko kali asipewe antibiotiki, kwa kuwa hupona bila hiyo, na antibiotiki huwaua pia bakteria wema wa utumbo na kuzoesha wale wabaya kuishi nayo. Dawa za minyoo zinazouzwa kwenye agroveti kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi nazo zisipimwe kwa kukisia, kwani kipimo kilicho sahihi kwa ndama kinaweza kuwa sumu kwa mbwa wa kilo 4.

Kuna mgonjwa ambaye hapaswi kuuguziwa nyumbani. Damu kwenye tapishi au kinyesi, tumbo lililovimba na kuwa gumu, kutapika hata maji, ulegevu mkubwa, kutetemeka na povu linaloweza kuwa dalili ya sumu ya panya au ya wadudu, kuharisha kusikopungua baada ya siku 2, na umri mdogo, kila kimoja peke yake kinatosha kumpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa akitapika na kuharisha damu yenye harufu kali, parvo ndiyo ya kwanza kushukiwa, nayo ni virusi vilivyotambuliwa mwaka 1978 na kuenea ulimwenguni kote ndani ya miaka miwili hivi. Sheria ya mwaka 2011 iliipa Bodi ya Mifugo ya Kenya jukumu la kuwasajili madaktari na wasaidizi wao, kwa hiyo mwenye mbwa ana haki ya kuuliza usajili wa anayemdunga mnyama wake. Tena mbwa anayedondosha mate, asiyeweza kumeza, aliyebadilika sauti au tabia, asifunguliwe mdomo na mtu yeyote kutafuta mfupa uliokwama, kwa kuwa huenda ana kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea kwa binadamu karibu hauponi kamwe.

Mbwa ambaye tumbo lake huharibika kila baada ya wiki chache huhitaji subira ya namna nyingine. Huwekwa kwenye chakula cha aina moja ya nyama na aina moja ya wanga ambavyo hajazoea kula, kwa mfano samaki na viazi vitamu kwa aliyelelewa kwa kuku na ugali, kwa muda wa wiki 2 bila chochote cha ziada, na mabadiliko yakiandikwa daftarini. Kwa wengi wao tumbo hutulia kwa chakula peke yake, bila dawa. Ugumu wa jaribio hili Nyalenda hauko jikoni bali uani, kwani katika ploti yenye familia kadhaa mbwa ni wa wote: mtoto humtupia kipande cha chapati, jirani humwaga mabaki karibu na mlango, na wiki mbili za kazi hupotea kwa mfupa mmoja. Inafaa wapangaji wote waelezwe na watoto wafundishwe, na mbwa afungwe kamba ndefu kivulini mchana penye maji safi, ingawa kufungwa huko kusigeuzwe kuwa maisha yake.

Uuguzi hubaki nusu kama uani hakutasafishwa. Kinyesi chote kizolewe kila siku na kutupwa chooni, kwa faida ya mbwa na ya watoto wachezao mchangani, kwa sababu mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa huweza kumwingia mtoto na kufika hadi machoni. Virusi vya parvo hukaa udongoni kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya saruji husuguliwa kwanza kisha huoshwa kwa dawa ya kupaushia nguo iliyochanganywa kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji. Watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kuanzia umri wa wiki 2, ikirudiwa kila baada ya wiki 2 hadi wiki ya 8, na chanjo ya parvo kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, ikirudiwa kila wiki 3 au 4 hadi watimize wiki 16, kwa kuwa kinga waliyorithi kwa mama huweza kuizima chanjo ya mapema.

Nafuu hupimwa kwa uzito zaidi kuliko kwa mkia unaotikiswa. Mtu hupanda mizani akiwa amembeba mbwa, kisha hupanda peke yake, na tofauti ya vipimo viwili huandikwa kila wiki. Mbwa aliyepona hurudisha kilo alizopoteza katika wiki chache za mlo mzuri. Anayekula kwa hamu, aliyekwisha kupewa dawa ya minyoo, na bado anakonda mwezi mzima baadaye huku kinyesi chake kikiwa kingi na chenye mafuta, huenda kongosho lake limeacha kutoa vimeng'enya, na huyo anahitaji vipimo vya damu vya maabara, kwa kuwa hakuna wali wala malenge yatakayomnenepesha kabla vimeng'enya hivyo havijaongezwa kwenye chakula chake.